Uliza Fundi: Mashine ya soda inanguruma usiku kucha, soda ni vuguvugu

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimenunua mashine ya kuuzia soda za kopo, mtumba wa Uingereza, ile unayotumbukiza sarafu ukabonyeza kitufe. Nataka kuiweka barazani mbele ya saluni yangu. Ilikuja imelazwa kwenye kirikuu, nikaichomeka jioni ileile. Wiki nzima sasa inanguruma, taa inawaka, lakini soda ni vuguvugu. Ndani inanuka kama kiporo kilichosahauliwa, chini maji yanatuama, na sarafu zetu inazitema zote. Fundi wa mtaani alikuja, akaweka sikio ubavuni, hakufungua hata skrubu moja, akasema gesi imeisha, nimpe laki mbili na nusu. Nimpe? — Mama Wawili, Chumbageni, Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpe. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa. Inazunguka humohumo ndani ya mabomba miaka na miaka, na ikipungua ujue kuna mahali inavuja. Mtu akijaza bila kutafuta tundu, amekuuzia hewa, na baada ya miezi miwili atarudi kukuuzia tena.

Ila nikukemee kidogo. Mashine iliyolazwa haichomekwi siku hiyohiyo. Mafuta ya kompresa, ile mota inayosukuma gesi, huwa yamekimbilia kwenye mabomba, yanahitaji muda wa kurudi. Isimamishe, uiache siku nzima, ndipo uwashe. Kama yako bado inanguruma baada ya wiki, basi umenusurika.

Sasa chomoa waya ukutani. Usizime swichi tu, chomoa. Fungua wavu wa chini, ulipo mtambo wa kupoozea. Karibu na kompresa utaona kikopo chenye waya mbili, hiyo ni kapasita. Usiiguse, huweza kutunza umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Mbele yake kuna kondensa, bomba lililojikunja katikati ya mapezi membamba ya bati. Mulika na tochi. Nina hakika hutayaona mapezi.

Nasema hivyo kwa sababu mwaka 2019 nilinunua mashine ya aina hiyo, nami nikaanza kwa kuwaza gesi. Nilipouvuta mtambo nje nilikuta kondensa imevaa blanketi: vumbi la zulia, nywele, vipande vya karatasi, vyote vimeshikana kwa shira ya soda iliyowahi kupasuka. Chini ya kisanduku cha fedha kulikuwa na sarafu nne za pauni, zile za duara. Nikafurahi, mke wangu naye akafurahi, mpaka kijana mmoja akatuambia kwamba zile za duara ziliacha kupokelewa madukani kwao tangu Oktoba 2017. Ziko kwenye bakuli la vifungo hadi leo. Lakini lile blanketi nilipoliondoa, soda zilipata ubaridi asubuhi yake, wala sikuongeza gesi hata chembe.

Kondensa kazi yake ni kutupa nje joto linalotolewa ndani. Ikizibwa, kompresa inahangaika bila kupumzika, na bili ya umeme utaiona. Tumia brashi laini, piga kufuata mapezi yalivyosimama, usiyakate kwa upana, yatalala. Yaliyolala yainue taratibu kwa kisu cha siagi. Kisha peleka mtambo gereji wapulize upepo kutokea upande wa feni, kinyume na njia ya hewa, pampu wakiiweka mbali kidogo. Wale wa kuoshea magari usiwaruhusu. Zungusha feni kwa kidole. Ikigoma au ikilia, hapo ndipo pesa yako inatakiwa.

Ukirudisha, washa uache kwa muda wa saa tatu, kisha tazama koili ya ndani, yaani bomba lililojikunja linalopoza soda. Ikiwa yote imelowa au imefunikwa ukungu wa barafu sawasawa, gesi ipo. Ikiwa barafu imeshika kipande kidogo tu mwanzoni na sehemu iliyobaki ni kavu, hapo mwite fundi mwenye mita za gesi, na kabla hajawasha kichomeo msome pamoja kibati kilichogongwa ubavuni, kinachotaja aina ya gesi. R134a ni kawaida. Kikisema R290, hiyo ni propani, ndugu wa gesi ya jikoni, na fundi asiyeielewa asiiguse kabisa. Na kama koili imegeuka jiwe la barafu, zima, acha mlango wazi iyeyuke yenyewe. Usiichokoe kwa bisibisi. Nimeona mtu akitoboa bomba namna hiyo, ndipo gesi ikaisha kweli.

Harufu na maji ni ugonjwa mmoja. Chini ya koili kuna tundu dogo la kutolea maji, lako limezibwa na shira na, samahani, mende. Mimina maji ya vuguvugu, sukuma kwa mpira mwembamba hadi yatokee kwenye sinia la nyuma. Kuta zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya maji, maana sukari iliyoganda inalainishwa, haikwanguliwi. Futa tena kwa siki iliyochanganywa na maji. Jiki usiitie: inakula bati, na ikikutana na siki inatoa hewa ya kukaba koo.

Halafu mpira wa mlango. Bana noti ya elfu moja mlangoni, uivute. Ikitoka bila kukaza, hewa yetu ya pwani inaingia hapo na unyevu wake wote, na ndiyo inayogeuka barafu na maji. Mara nyingine mpira umejikunja tu kwa kulala njiani. Ukandekande kwa kitambaa cha maji moto utakaa.

Sarafu. Kile kisomaji hakina macho, kina koili zinazopima upana, unene na aina ya madini, kisha kinalinganisha na orodha iliyomo ndani yake. Orodha yako ni ya Malkia. Hata ukikisafisha mpaka king'ae, mia tano yetu kwake ni kipande cha chuma tu. Kisafishe hata hivyo, kwa brashi ya meno na spiriti, na usitie mafuta, maana mafuta yanakamata vumbi na sarafu zitakwama. Vipo visomaji vinavyoweza kufundishwa sarafu mpya, ila hakikisha kinaelewana na bodi ya mashine yako kabla hujatoa hela. Mimi, kwa umri wangu, nisingehangaika. Kopo la shilingi 1,500 ni sarafu tatu za mia tano, na wateja wako wa saluni wanalipa kwa simu. Mashine nyingi zinakubali kuwekewa bei sifuri. Weka hivyo, pokea hela kwa simu, kisha binti wa saluni ndiye abonyeze kitufe. Watoto watakuja kuangalia kopo likianguka, na mama zao watanunua.

Pakia kopo za kawaida za mililita 330. Zile nyembamba za vinywaji vya kuongeza nguvu zinakwama au zinaanguka mbili kwa bei ya moja, mpaka urekebishe vipande vya ndani.

Barazani iweke kivulini, mvua isiifikie, nyuma uache nafasi ya shubiri moja na ukuta. Soketi iwe na ethi ya kweli, waya unaoingia ardhini, kwa sababu lile ni kabati la chuma na wateja wako wanatoka kuoshwa nywele. Nunua na friji gadi. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, inasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu kompresa iwake, na ndivyo kompresa inavyotaka.

SWALI: Kaka yangu ameniletea mashine kama hizo kutoka Marekani. Nikinunua transfoma inatosha? — Msomaji, Likoni, Mombasa.

JIBU: Kwa taa na bodi, ndiyo. Kwa kompresa, nusu nusu. Ya Marekani ni volti 115 na hezi 60, yaani umeme unapiga mara 60 kwa sekunde, hapa ni 240 na 50. Transfoma inashusha volti, hezi haizigusi, kwa hiyo mota itazunguka polepole kwa sehemu moja katika sita na itapata moto zaidi. Nyingine zinavumilia, nyingine zinakufa msimu wa kaskazi. Kibati kikisema ampea 10, zidisha kwa 115 upate wati 1,150, na kompresa ikianza inavuta mara kadhaa ya hapo, basi transfoma ya 1,000 waachie wenye redio. Tafuta ya 3,000. Ikifa usiomboleze. Funga kompresa ya hapa ya 240 yenye nguvu ileile na inayotumia gesi ileile, ipe waya wake peke yake, na transfoma ndogo ibaki kulisha bodi, taa na mota za kuangushia kopo.