Vifo barabarani vimepungua? Kabla ya kupiga makofi, pimeni mwendo

Mleta uzi ameuliza mambo mawili. Mjini kwao wametangaziwa kwamba ajali zimepungua tangu matuta yawekwe kwenye barabara kuu, je, aamini? La pili: mwananchi asiye na ofisi wala kamera atajuaje kama barabara za mji wake kweli zinazidi kuwa salama? Naona la kwanza limejibiwa kwa kuwatukana waendesha pikipiki, na la pili hakuna aliyeligusa. Kazi yangu kwa miaka imekuwa kumbukumbu za ajali, kwanza upande wa hospitali, baadaye upande wa barabara, kwa hiyo wakuu mnivumilie, nitaandika kirefu. Mwenye haraka aruke hadi pale nilipozungumzia saa ya simu.

Tuanze na huko kupungua kwenyewe. Hakutaja idadi, basi tuseme mwaka jana walikufa watu 14 na mwaka huu 9. Taarifa itasomeka "vifo vimepungua kwa asilimia 36", na makofi yatapigwa. Shida ni kwamba vifo vya mji mmoja ni idadi ndogo, na idadi ndogo hupanda na kushuka yenyewe. Mji ambao wastani wake ni vifo 12 kwa mwaka unaweza kuandika 7 mwaka huu na 17 mwaka ujao bila hata jiwe moja la barabara kuguswa. Mimi hutumia hesabu hii nyepesi: jumlisha miaka yote miwili (14 na 9 ni 23), tafuta kipeuo cha pili, kinakuja 4.8 hivi, kisha zidisha kwa 2. Unapata karibu 10. Tofauti ya miaka miwili isipofika hapo, usitoe tamko lolote, la furaha wala la kilio. Hapa tofauti ni 5. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni kwamba tangazo hilo linaweza kuwa kweli, ila namba peke yake haijathibitisha kitu.

Halafu kuna mtego unaowanasa hata wahandisi. Matuta huwekwa wapi? Pale palipoua zaidi mwaka uliopita. Sasa, sehemu iliyopata mwaka mbaya kupita kawaida yake, mwaka unaofuata mara nyingi hurudi kwenye kawaida hata ukiiacha kama ilivyo. Ukiweka tuta, tuta linapewa sifa. Ukiweka bango la kuomba watu wawe makini, bango linapewa sifa. Ndiyo maana kila kampeni duniani "imefanikiwa". Ukitaka kujua ukweli, linganisha miaka mitatu kabla na mitatu baada, na uangalie na barabara nyingine ya aina hiyo hiyo ambayo haikuguswa.

Na kitu chochote kipya huwaamsha madereva kwa muda. Sweden walihama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia siku moja, tarehe 3 Septemba 1967. Ungetarajia maafa. Badala yake ajali zilishuka, kwa sababu kila mtu alikuwa anaendesha kwa woga. Baada ya miaka kama miwili zilikuwa zimerudi zilipokuwa. Ukipima miezi mitatu ya kwanza baada ya badiliko, unapima woga.

Sasa namba zenyewe zinatoka wapi. Hapa ndipo nilipozeekea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu anagongwa saa 1 usiku, analetwa na wasamaria. Daftari la mapokezi linaandikwa "ajali ya barabarani", umri, jinsia, basi. Anafariki wodini siku ya kumi na moja kwa jeraha la kichwa. Upande wa askari, jalada lake bado linasomeka majeruhi, kwa sababu hakuna aliyepiga simu kuwaambia. Kimataifa, anayefariki ndani ya siku 30 kutokana na ajali huhesabiwa kuwa kifo cha barabarani. Ila kanuni hiyo inahitaji madaftari mawili yazungumze, na mara nyingi hayazungumzi. Na aliyeanguka peke yake na baiskeli akavunjika nyonga? Huyo yuko hospitali tu, kwa askari hayupo kabisa. Nilipokuwa nalinganisha orodha za pande mbili, majeruhi wengi walikuwa kwenye orodha moja tu kati ya hizo mbili, na waliokosekana zaidi kwa askari walikuwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Magari yakigongana kuna bima, kwa hiyo kuna karatasi. Mtu na baiskeli yake nani atamwandikia karatasi?

Safu ya "chanzo" ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Utakuta mstari kama huu: mwenda kwa miguu, mwanamke, saa 1 na dakika 20 usiku, barabara kuu, chanzo "uzembe wa mwenda kwa miguu". Barabara kuu wapi? Ina kilomita kadhaa! Na uzembe gani? Ukienda kutazama unakuta kituo cha basi kiko upande huu, makazi yako upande ule, kivuko kiko mbali, taa ya barabarani imekufa, na magari yanashuka mteremko. Yeyote atakayeshuka basi pale usiku atavuka pale pale. Aliyejaza fomu alikuwa na mistari miwili ya kuandika na maiti ya kushughulikia, simlaumu sana, lakini mstari ule ukishajumlishwa na mingine mia unageuka kuwa taarifa inayosema asilimia kubwa ya ajali ni makosa ya kibinadamu. Kisha inafuata semina.

Kwa hiyo mkiomba takwimu, achaneni na chanzo. Ombeni mahali halisi, saa, aina ya mhanga (anatembea, baiskeli, pikipiki, ndani ya gari) na ukali wa jeraha. Bandikeni kwenye ramani ya mji, hata ya karatasi. Majeraha makubwa yawekeni pamoja na vifo, maana ni mengi zaidi na hayachezicheze sana mwaka hadi mwaka. Mtaona nukta zinajikusanya kwenye vipande vifupi, na mara nyingi saa za giza linapoingia. Jumla ya mwaka haiwezi kuwaonyesha hilo.

Lakini hata ramani ni habari ya watu waliokwisha kuumia. Swali la pili la mleta uzi linahitaji kitu kinachopimika leo, na kitu hicho ni mwendo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za vifo hupanda kwa asilimia 4. Igeuzeni: mkishusha wastani kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 57, yaani asilimia 5 tu, mnatarajia vifo vipungue karibu moja ya tano. Kilomita tatu! Hakuna kampeni ya vipeperushi inayokaribia hapo. Sababu iko kwenye breki. Dereva huhitaji kama sekunde moja kabla mguu haujagusa breki. Akiwa kwenye 30, lami kavu, anasimama ndani ya mita 13 hivi. Akiwa kwenye 50, mita hizo 13 zinaisha bado hajagusa breki. Kama kuna mtoto pale, anamgonga kwa mwendo kamili. Na anayekwenda 60, pale ambapo wa 50 angekuwa ameshasimama kabisa, yeye anapita bado na mwendo wa kilomita 40 kwa saa hivi. Dereva wote hao watatu wanaweza kuwa waungwana, hawajanywa, wana leseni, wanaangalia mbele.

Haya, saa ya simu. Tafuta kipande kilichonyooka, pima mita 100 kwa futi kamba, weka alama mbili (nguzo, mti, mstari wa chaki ukingoni). Simama mbali na lami, mahali unapoziona alama zote mbili vizuri. Gari likipita alama ya kwanza, washa. Likipita ya pili, zima. Gawa 360 kwa sekunde ulizopata, ndiyo kilomita kwa saa. Sekunde 12 ni 30. Sekunde 9 ni 40. Sekunde 6 ni 60. Sekunde 4.5 ni 80, na utaziona, usishtuke. Pima magari yanayokwenda huru, si yaliyo kwenye foleni nyuma ya lori. Na usivae kikoti cha kung'aa. Ukikivaa wote watadhani wewe ni trafiki na watakuwa malaika.

Ukifikisha magari 100, yapange kutoka la polepole hadi la kasi, soma la 85. Wahandisi hutumia sana namba hiyo. Kama kibao kinasema 50 na gari la 85 linasoma 68, basi ile barabara inawaambia madereva kitu tofauti na kibao, na madereva wanaisikiliza barabara. Njia pana, iliyonyooka, isiyo na miti wala maduka karibu, humfanya mtu mzima mwenye akili zake aende 70 bila kujua. Rudia siku ile ile ya wiki, saa ile ile, baada ya miezi sita. Ikishuka, mji wenu unaelekea pazuri hata kama mwaka huo vifo vimepanda kwa bahati mbaya. Ikipanda, msidanganywe na vifo kushuka hadi 9.

Kuhusu matuta: pima juu ya tuta, halafu pima katikati ya tuta na tuta. Yakiwa mbali mbali, madereva hupunguza, wanapanda, kisha wanakanyaga mafuta kwa hasira kufidia. Nimeona sehemu ambazo katikati palikuwa na kasi kuliko kabla. Na lile tuta fupi kali lililomwagwa usiku bila rangi wala kibao ni ajali inayosubiri pikipiki. Tuta zuri ni refu na la mviringo. Umbo lililofanyiwa majaribio Uingereza miaka ya 1970 lina urefu wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10, gari linapita polepole bila kuvunja springi.

Kama mna njia panda inayoua, kipilefti kinashinda mataa. Njia panda ya kawaida ya barabara nne ina sehemu 32 ambazo njia za magari zinakutana au kukatana. Kipilefti chenye mstari mmoja wa magari kina 8, na mgongano wa uso kwa uso au ubavuni kwa kasi unakuwa karibu hauwezekani. Watu wataendelea kugongana, ila watashuka wakigombana kuhusu taa za nyuma. Ugomvi huo mimi naukubali.

Kuna mmoja ametaja daraja la juu la waenda kwa miguu. Mimi silipendi katikati ya mji. Mtu mwenye mzigo, mzee, mwenye mtoto mgongoni, hapandi ngazi mbili kuvuka mita kumi na tano, na akipita chini ataandikwa mzembe. Afadhali kivuko kilichoinuliwa usawa wa njia ya miguu, chenye kisiwa katikati, chenye taa. Ila kama barabara ina njia mbili kila upande, kupaka pundamilia peke yake kunaweza kuwa mtego: gari la njia ya kwanza linasimama kwa ustaarabu, linamziba anayevuka, la njia ya pili linapita pembeni halijui kwa nini mwenzake kasimama. Mtoto anatokea mbele ya bonati la gari lililosimama, na hapo hapo anakutana na la pili. Ukiona hali hiyo, dai njia moja ifungwe pale kivukoni kabla hujadai rangi.

Mikanda na helmeti sitapoteza maneno: zifungwe, na helmeti ifungwe kidevuni, siyo kuning'inia kwenye usukani.

Kwa wanaosema haiwezekani: Helsinki, mji mkuu wa Finland wenye watu wapatao laki saba, ulimaliza mwaka mzima hadi Julai 2025 bila kifo hata kimoja barabarani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wanapoteza kama watu 30 kwa mwaka. Zaidi ya nusu ya mitaa yao leo ina kikomo cha 30, na wamezibana barabara ili kikomo hicho kisiwe cha kibao tu. Oslo, mji mkuu wa Norway, mwaka 2019 hakufa hata mwenda kwa miguu mmoja. Madereva wa huko wana simu na haraka kama sisi.

Mleta uzi, fanya hivi. Chagua kipande kimoja kinachowasumbua zaidi, pima juu ya tuta na kati ya tuta na tuta, kisha rudi uweke sekunde zako hapa pamoja na saa uliyopima na kikomo kilichoandikwa kwenye kibao. Hesabu tutapiga pamoja, na barua ya kwenda nayo ofisini nitakusaidia kuiandika.