Maswali na Majibu: Kumpima Mtoto Njiti Ukuaji wa Viungo

Mwanangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 32. Sasa ana miezi minne na shingo haijakaza, ilhali mtoto wa jirani wa umri huohuo ameshakaza. Nimpeleke kupimwa? (Mama, Chamwino)

Pole kwa hofu hiyo, mama. Umri wa mtoto njiti katika vipimo hivi huhesabiwa kuanzia tarehe ya makadirio ya kujifungua, si siku aliyozaliwa, na kwa kawaida hesabu hiyo hufuatwa mpaka atimize miaka miwili. Mwanao aliwahi kwa wiki 8, kwa hiyo mpimaji atamhesabu kuwa wa takribani miezi miwili, na katika umri huo shingo ambayo haijakaza vema si dalili ya ugonjwa. Mpeleke hata hivyo, kwa kuwa huu ndio wakati unaofaa kwa kipimo cha Prechtl ninachokieleza hapa chini, na ubebe karatasi ya hospitali yenye wiki za mimba ili mpimaji asikisie.

Kituo chetu kina nafasi ya kujifunza kipimo kimoja. Tuanze na Prechtl au Hammersmith? (Muuguzi, Kongwa)

Kipimo cha Prechtl hufanywa bila kumgusa mtoto. Analazwa chali akiwa macho, ametulia, bila nyonyo bandia wala kichezeo, kisha anarekodiwa video ya dakika 3 hadi 5. Kati ya wiki ya 9 na ya 20 baada ya tarehe ya makadirio, mtoto hutarajiwa kuonyesha mijongeo midogo ya mfululizo ya shingo, kiwiliwili, mikono na miguu, ikielekea kila upande. Isipoonekana kabisa, uwezekano wa mtindio wa ubongo (cerebral palsy, yaani tatizo la kudumu la mijongeo na mkao litokanalo na jeraha la ubongo) huwa mkubwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la JAMA Pediatrics yalikipa kipimo hiki uwezo wa kugundua watoto wenye mtindio huo wa asilimia 98, na cha Hammersmith asilimia 90.

Hata hivyo, ningewashauri muanze na Hammersmith. Wiki ya 20 ikishapita, Prechtl haina kazi tena, na mama anayetoka kijiji cha mbali msimu wa kilimo huweza kufika amechelewa, wakati Hammersmith hutumika kuanzia miezi 2 hadi 24. Ina vipengele 26 na alama zisizozidi 78, huangalia mkao, ukakamavu wa misuli, mijongeo na mwitiko wa mwili, wala haihitaji kifaa cha gharama. Mtoto akiwahi kufika, mrekodini kwa simu kwa ridhaa ya mama na video isomwe na aliyefunzwa, kwa sababu vipimo hivi viwili vikikubaliana, jibu huwa na uzito zaidi.

Mtaalamu wa fiziotherapia alitumia kipimo cha Alberta akasema mwanetu njiti yuko nyuma. Tuamini? (Baba, Mpwapwa)

Muulizeni kwanza kama alipunguza zile wiki ambazo mtoto aliwahi. Kipimo hicho, chenye vipengele 58, humtazama mtoto akiwa kifudifudi, chali, ameketi na amesimama, na hueleza anachoweza leo. Chenyewe hakitoi hukumu ya jeraha la ubongo. Aidha, viwango vyake vya awali vilitokana na watoto zaidi ya 2,000 wa jimbo la Alberta, Kanada, na njiti wengi hupita njia tofauti kidogo, hasa katika kulala kifudifudi. Ndiyo maana nakithamini kipimo cha Malawi kilichochapishwa mwaka 2010, ambacho viwango vyake vilitokana na watoto wa vijijini huko. Matokeo mawili yaliyopishana miezi kadhaa yatawaeleza mengi kuliko moja, lakini mazoezi yaanze sasa.

Kipimo cha TIMP kinafaa wodi ya njiti? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Kinafaa. TIMP (Test of Infant Motor Performance) ni kipimo cha mkao na mijongeo ya mtoto mchanga, na huanza mtoto akiwa na wiki 34 zikihesabiwa tangu hedhi ya mwisho ya mama hadi takribani miezi minne baada ya tarehe ya makadirio. Lakini sehemu kubwa ya vipengele vyake 42 humtaka mtoto awekwe katika mikao mbalimbali, jambo linalomchosha aliye dhaifu, kwa hiyo asubiri mpaka atulie.

Video ya mwanetu ilisomwa kuwa nzuri. Bado turudi kliniki? (Mama, Manyoni)

Rudi, mama. Jibu hilo linapunguza sana hofu ya mtindio wa ubongo, lakini halisemi lolote kuhusu macho, masikio, usemi wala uelewa, ambavyo kwa mtoto njiti hufuatiliwa kila kimoja kwa kipimo chake.