Re: Kizunguzungu miezi miwili baada ya ajali ya boda

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini mdogo wako bado anayumba miezi miwili tangu aanguke na boda Wandegeya, Kampala, ilhali picha ya CT (skani ya ndani ya kichwa) ilitoka safi. Picha ile huonyesha damu na mfupa uliovunjika. Haionyeshi shingo iliyokakamaa, macho yasiyoshirikiana wala sikio la ndani lililovurugika, na hivyo vyote vinaweza kuleta kizunguzungu.

Mjaribu hivi: sogeza kalamu polepole kuelekea pua yake. Akiona kalamu mbili ikiwa bado mbali kuliko sentimita 6 hivi, macho yana shida. Mtafutieni mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi), hata hospitali ya Mulago wapo. Kumlaza gizani kutwa (shangazi zetu na ushauri wao!) kunamchelewesha, atembee kidogo kila siku, apunguze kichwa kikizidi kugonga. Akianza kutapika au mkono ukilegea, hospitali usiku huohuo.