Barua kwa Mwanangu: Familia ya Fletcher na Mji wa Nicodemus

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kwa nini mwalimu wako anaihesabu familia ya Fletcher kuwa wajenzi wa Nicodemus, mji ule mdogo wa jimbo la Kansas, Marekani, mlioutembelea, ilhali aliyesimamia upimaji na uuzaji wa viwanja alikuwa W. R. Hill, mfanyabiashara wa ardhi Mzungu. Mimi naona mwalimu wako yuko sahihi, na nitakueleza sababu zangu.

Mwaka 1877, miaka 12 baada ya utumwa kukomeshwa Marekani, Hill aliungana na W. H. Smith, Mmarekani Mweusi, wakaunda kampuni ya mji na kuwatangazia watu wa Kentucky waliotoka utumwani kwamba huko magharibi kuna ardhi yao. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mtu kupata ekari 160 za serikali, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Tangazo halikueleza hali ya mbuga yenyewe. Miti ilikuwa haba mno, hata mbao za kujengea hazikupatikana, na watu wakalazimika kuchimba makao ardhini, yakifanana na zile nyumba za zamani za Wairaqw wa Tanzania zilizochimbwa ubavuni mwa kilima. Williana Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia baadaye kwamba alipouliza mji uko wapi alionyeshwa moshi ukifuka kutoka ardhini, naye akalia. Familia kadhaa ziligeuza safari zikarudi zilikotoka, na waliobaki, kwa masimulizi ya wazee wao, walivuka majira ya baridi ya kwanza kwa msaada wa nyama waliyopewa na Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani.

Zachary Fletcher na mkewe Jenny, binti yake Smith, walikuwa miongoni mwa waliobaki. Zachary alikuwa katibu wa mawasiliano wa kampuni ya mji, kisha akawa postamasta wa kwanza. Tafadhali usiipite kazi hiyo haraka, kwa maana mahali pasipo na posta hapakuwa na njia ya uhakika ya kuwaita ndugu waliobaki Kentucky wala ya kupokea fedha kutoka kwao. Mnamo mwaka 1880 wakafungua hoteli ya St. Francis pamoja na banda la farasi, hivyo mgeni aliyekuja kutafuta shamba akapata pa kulala na pa kumpumzisha mnyama wake.

Kwangu mimi, hata hivyo, Jenny ndiye anayestahili kutajwa kwanza. Alishiriki kazi ya posta, alikuwa miongoni mwa waasisi wa kanisa la AME, yaani kanisa la Kimethodisti la Wamarekani Weusi, na ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa mji, akiwafundisha watoto ambao wazazi wao wengi walikulia utumwani bila kupewa nafasi ya kusoma. Hill aliweza kuuza kiwanja na kuendelea na shughuli zake nyingine, bali mwalimu alipaswa kuwepo kesho yake, na kesho kutwa, hata theluji ikianguka. Mzazi aliyejua kwamba mwanawe atafundishwa alikuwa na sababu ya kuvumilia mwaka mwingine katika shimo lile.

Huenda utauliza mbona basi mji haukukua. Wakazi waliidhinisha hati fungani za dola 16,000 ili kuvutia reli, lakini mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya kusini ya mto Solomon, na maduka mengi yakahamia huko, ulipozaliwa mji wa Bogue. Uamuzi huo ulifanywa na wakubwa wa reli, na sioni haki ya kuuhesabu dhidi ya akina Fletcher. Jengo la hoteli yao lingali limesimama, nalo ni mojawapo ya majengo matano yaliyofanya Nicodemus itambuliwe na taifa kuwa eneo la kihistoria mwaka 1996. Katika insha yako, mwandike Jenny kwa jina lake kamili na kwa kazi zake, usimwache akitajwa kama mke wa postamasta tu.

Mama yako akupendaye.