Gari la kuazima, bima ya nani?

SWALI: Naishi ng'ambo, nakuja nyumbani wiki mbili. Kaka ananiachia gari lake, lakini bima ni ya jina lake. Niendeshe tu, au nikate yangu ya muda mfupi?

JIBU: Ndugu yangu, mwombe kaka apige picha ule ukurasa wa bima wenye orodha ya madereva. Bima nyingine humlinda yeyote aliyeruhusiwa na mwenye gari. Nyingine ni waliotajwa tu. Mimi sikuusoma nilipoazima gari la shemeji. Nikarudi nyuma nikakwangua nguzo ya geti lake, taa ya nyuma ikawa vipande. Nililipa mwenyewe, na shemeji hadi leo huuliza funguo ziko kwa nani.

Kama hutajwi, kaka apige simu kampuni yake akuongeze kwa siku hizo. Wakikataa, kata yako, ila uliza kwanza kama wanapokea leseni ya nje, wengine huikataa. Tazama pia kiasi utakachotoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. Na ianze saa unayochukua funguo, si kesho yake.