Usiwaulize "mmeelewa?"

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Wiki zangu za kwanza za kazi nililala vizuri kwa sababu ya jibu hilo. Nilikuwa nimepewa Darasa la Nne, watoto 120, katika shule ya msingi ya serikali huku Temeke, Dar es Salaam, na kila kipindi cha Hisabati kiliisha kwa sauti moja iliyosikika mpaka barabarani. Nikajiambia kazi naiweza. Ijumaa ya wiki ya tatu nikawapa jaribio la hesabu za kutoa. Usiku nikaanza kusahihisha, na nilipofika kama daftari la arobaini nikaweka kalamu chini. Wengi walikuwa wamekosa swali lilelile, tena kwa jibu lilelile.

Swali lilikuwa 503 kutoa 268. Jibu lao: 365.

Watoto wasiojua hubahatisha, na wanaobahatisha hawapati jibu moja. Jumatatu nikamwita mmoja wao mezani, kijana anayekaa dawati la nyuma karibu na dirisha, nikamuuliza, "Umepataje?" Akanitazama kama anayesubiri fimbo. Nikarudia polepole, huku nimemsogezea daftari lake. Ndipo akaanza: "Tatu kutoa nane haiwezekani, kwa hiyo nane kutoa tatu, tano. Sifuri kutoa sita haiwezekani, kwa hiyo sita kutoa sifuri, sita. Tano kutoa mbili, tatu."

Alikuwa na kanuni yake, na ameifuata bila kuteleza kuanzia mamoja hadi mamia. Kilichonichoma ni kwamba kanuni hiyo aliitoa kwangu. Mimi ndiye niliyesimama ubaoni siku ile nikasema kwa sauti, "Namba kubwa haitoki kwenye ndogo." Nilichokuwa nataka kusema baada ya hapo, habari ya kukopa, hakikumfikia. Alichukua sentensi moja akaenda nayo.

Jumapili iliyofuata nikamkuta yeye na mama yake pembeni ya kituo cha daladala, wanauza vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Nikachagua vitumbua saba vya mia mbili mbili, nikatoa noti ya elfu tano. Mama alikuwa anageuza vilivyokuwa jikoni, kwa hiyo mtoto ndiye aliyenipa chenji, akinihesabia mkononi: "Elfu moja mia nne. Mia sita, elfu mbili. Elfu tatu, elfu tano." Pale hakukuwa na kukopa wala sifuri ya kumsumbua. Alianzia kwenye bei akapanda mpaka kwenye noti.

Kesho yake nilichora mstari wa namba ubaoni. Kutoka 268, ongeza 2 ufike 270. Ongeza 30 ufike 300. Ongeza 203 ufike 503. Sasa jumlisha ulizoongeza: 2, 30 na 203, unapata 235. Nikawaambia hiyo ndiyo chenji ya dukani, na darasa zima likacheka kwa furaha ya kukuta kitu chao ubaoni. Kukopa nilikuja kukufundisha baadaye, watoto wakiwa na jibu wanaloliamini la kulinganisha nalo.

Chuoni mkufunzi wetu aliwahi kututaka tuandike tunaamini nini kuhusu kufundisha na kujifunza. Mimi niliandika kwamba mwalimu ni taa, na mtoto anakuja gizani kutafuta mwanga. Nilipata alama nzuri. Leo nisingeandika vile, maana mtoto haji gizani. Anakuja na hesabu za mtaani, na lugha ya nyumbani, na kanuni alizojitungia mwenyewe. Baadhi ni sahihi na baadhi zina kasoro, na kazi yangu ya kwanza ni kujua ana nini kabla sijamwongezea kingine. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka elimu yetu imjengee mtoto akili ya kudadisi. Maneno hayo niliyakariri kwa ajili ya mtihani, lakini sikuwahi kujiuliza mtoto atadadisi vipi mbele ya mwalimu ambaye kila swali lake lina jibu moja tu, "ndiyo".

Kwa hiyo ushauri wangu kwako unayesubiri kupangiwa kituo, au unayejitolea mahali ukisubiri ajira, ni huu: swali la "mmeelewa?" liache kabisa. Mtoto anayelijibu "hapana" mbele ya wenzake 119 ni shujaa, na mashujaa wa namna hiyo ni wachache. Badala yake uliza "umepataje?", na uwaulize hivyo hata waliopata, la sivyo watajua kwamba swali hilo maana yake umekosa.

Najua utakachosema. Kipindi ni dakika 40, na ukizigawa kwa watoto 120 kila mmoja anapata sekunde 20. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilikata tamaa. Lakini si lazima uwasikilize wote siku moja. Mimi kila siku nachukua madaftari matano yenye makosa, nachagua kosa moja lenye mantiki, naliandika ubaoni bila kutaja jina la mtu, kisha nasema, "Aliyefanya hivi alikuwa anafikiria nini?" Wanaokaa dawati moja wanaelezana kwa sauti ya chini. Kwetu dawati moja lina watoto wanne, wakati mwingine watano, na msongamano huo ambao sote tunaulalamikia, kwa haki kabisa, hapo unageuka kuwa kikundi kilichokwisha kupangwa. Lev Vygotsky, yule mwanasaikolojia Mrusi aliyefariki mwaka 1934 akiwa bado kijana wa miaka 37, alitofautisha kati ya kile mtoto anachoweza akiwa peke yake na kile anachoweza akisaidiwa na anayejua zaidi. Chuoni nilimfikiria huyo anayejua zaidi kuwa ni mwalimu tu. Mara nyingi ni jirani yake wa dawatini, kwa sababu jirani ndiye bado anakumbuka alipokwama jana.

Na ukishauliza, nyamaza. Hesabu moja mpaka kumi moyoni. Ni muda mrefu mno ukiwa umesimama mbele ya darasa, na mimi nilikuwa nafika tatu tu najijibu mwenyewe.

Kuna jambo zito zaidi la kusema. Mama mmoja mwenye miaka mingi kazini, ambaye nampenda na aliyenisaidia sana, aliniambia siku ya kwanza ofisini, "Mwanangu, hawa ukiwachekea watakupanda kichwani," akanipa fimbo. Kanuni zetu zinampa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, ruhusa ya kutoa adhabu ya viboko visivyozidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Kumchapa mtoto kwa sababu amekosa kutoa 268 kutoka 503 hakumo humo, wala kwenye akili ya kawaida hakumo. Mtoto anayeogopa fimbo hatakuambia amepataje. Atanakili kwa mwenzake, na wewe utasahihisha kazi ya mwenzake ukidhani ni yake. Fimbo ile niliirudisha kwa heshima. Sikumhutubia mama yule, ila aliona.

Mimi mwenyewe si msafi katika suala la adhabu. Zamu yangu ya kwanza getini niliwapigisha magoti wachelewaji wote, na sikumuuliza hata mmoja imekuwaje. Wiki chache baadaye gari nililozoea kupanda halikuja, nikajikuta Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimesimama katikati ya sare za shule. Daladala ya kwanza ikaja, konda akaweka mkono mlangoni: "Wanafunzi wawili tu!" Mwanafunzi analipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, kwa hiyo hesabu ya konda inaeleweka. Ya pili ikapita bila kusimama. Msichana mdogo wa kwetu, begi limemzidi mgongo, alijaribu magari manne. Nilimvuta tukapanda pamoja la tano nikiwa nimemshika mkono. Nilikuwa nimeshawahi kumpigisha magoti.

Gharama za njia hii zipo. Inakula muda, na mwaka jana nilifika kwenye mtihani wa majaribio wa Darasa la Nne nikiwa bado na mada moja kwenye muhtasari sijaigusa. Niliitwa ofisini nikaulizwa kwa nini azimio langu la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka, halilingani na tarehe. Sikuwa na utetezi mzuri. Nilisema ukweli kwamba nilirudi nyuma wiki mbili kwenye kutoa, na kwamba ningerudi tena. Ukiamua kufanya hivi, weka madaftari ya watoto mezani kabla hujaitwa. Mkuu wako ana wakubwa wake wanaomuuliza matokeo, na maelezo yako matupu hayatamsaidia mbele yao.

Kitu kimoja cha kununua: kauntabuku. Langu limeshajaa nusu. Kila ukurasa una kosa juu na maneno ya mtoto chini. Ukurasa mmoja una 612 gawa kwa 6, jibu 12: "Sifuri haina kitu, mwalimu, nikairuka." Mwingine una nusu jumlisha theluthi, jibu mbili ya tano: "Nimejumlisha juu, nimejumlisha chini."

Ukurasa wa wiki hii bado haujakamilika. Ni wa msichana mmoja mkimya ambaye majibu yake yalikuwa hayana mpangilio wowote niliouona, mpaka Jumatano nilipokaa naye wakati wa uji na kumwambia anionyeshe alivyofanya. Hesabu alizifanya sawasawa, kila hatua. Ila zilikuwa hesabu nyingine. Pale ubaoni nilipoandika 8 yeye alinakili 3, na 386 yangu kwake ilikuwa 336. Nimemhamishia dawati la mbele na nimempa barua ampelekee mama yake. Jumatatu nitajua kama amepelekwa kupimwa macho.