Elektra "alionyeshwa" au "ilionyeshwa"?

Swali: Mwalimu, niliandika "Elektra alionyeshwa Dresden mwaka 1909", mhariri akabadilisha akaweka "ilionyeshwa". Elektra si ni mtu, tena binti wa mfalme, sasa hiyo i- imetoka wapi?

Jibu: Mhariri wako yuko sahihi, ndugu yangu. Hebu isome tena sentensi yako polepole, mi naelewa kwamba kuna mtu kamchukua Elektra akamtembeza Dresden akamwonyesha mji! Kilichoonyeshwa tarehe 25 Januari 1909 ni opera (tamthilia ya kuimbwa) ya mtunzi wa muziki Mjerumani Richard Strauss, na opera iko ngeli ya I-ZI, kwa hiyo hata usipoitaja, kitenzi bado kinaifuata hiyo hiyo. Ndo maana tunasema "Kinjeketile ilichapishwa 1969" tukimaanisha tamthilia ya Ebrahim Hussein, ila "Kinjeketile alinyongwa na Wajerumani 1905", hapo ni mzee mwenyewe wa Maji Maji, na wala hatuchanganyi.

Hizo mbili zinaweza kukaa hata kwenye sentensi moja: "Elektra inachukua kama dakika 100 bila mapumziko, na Elektra akishaanza kumlilia baba yake Agamemnon hatoki jukwaani mpaka mwisho." Ya kwanza opera, ya pili mtu, na msomaji hapotei.

Penye utata zaidi ni hapa. Hofmannsthal, aliyemwandikia Strauss maneno ya kuimba, hadithi aliitoa kwa Sophocles, mwandishi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, na wengi wetu kazi ya Sophocles tunaiita mchezo, yaani ngeli ya U-I. Sasa ukiandika "Elektra wa Sophocles", huyo "wa" ni wa mchezo au wa mtu? Haijulikani, manake vyote viwili vinachukua wa, wakati "Elektra ya Strauss" haina shida kabisa. Na hapa kuchanganya kunaharibu maana kweli kweli, kwa sababu kwa Sophocles yule binti anabaki hai, ila kwa Strauss kisasi cha kuuawa kwa baba yake kikishalipwa anacheza kwa furaha mpaka anaanguka anakufa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa Sophocles itaje nomino kabisa, andika "mchezo wa Sophocles, Elektra, unaisha" au "tamthilia ya Sophocles, Elektra, inaisha", na ukitaka kuwalinganisha mabinti wenyewe sema "Elektra hawa wawili", ukiwa na maana ya tamthilia na opera sema "Elektra hizi mbili".